Tovuti iko kwenye baketi, barua pepe hazifiki: rekodi za DNS mbele ya kisawazisha mzigo

Swali: Sisi ni kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Tovuti yetu ni kurasa za HTML na picha nyingi, haina programu nyuma yake. Tuliihamishia kwenye baketi (hifadhi ya faili) ya Google Cloud Storage, tukaweka kisawazisha mzigo (kinachopokea maombi ya wageni na kuyafikisha kwenye baketi) mbele yake. Ukiandika namba ya IP kwenye kivinjari inafunguka vizuri. Juzi tulibadilisha rekodi ya A (inayotaja namba ya IP ya jina letu) kwenye cPanel, jopo la usimamizi la mwenyeji wetu wa zamani, ambako DNS bado ipo. Tangu hapo cheti cha HTTPS kinaonyesha FAILED_NOT_VISIBLE, baadhi ya wageni bado wanaona tovuti ya zamani, na barua pepe za ofisi hazifiki. Tumekosea wapi?

Jibu: Ndugu zangu, anzeni na barua pepe kabla ya kugusa kitu kingine. Tovuti inaweza kusubiri hadi jioni. Barua zina muda wake, na nitaeleza kwa nini.

Mambo yote matatu mliyoyataja yana dalili za chanzo kimoja. Mmebadilisha mstari mmoja wa zoni (orodha ya rekodi za DNS za kikoa chenu), na mistari mingine iliyokuwa ikiuegemea imebaki ilivyokuwa. Kisawazisha mzigo chenyewe kinadai kidogo mno kutoka kwenye DNS: rekodi moja ya A, na ya pili ya AAAA mkitaka IPv6. Kazi hasa ni kujua nani mwingine alikuwa akilitumia jina lile lile.

Katika mifano yote hapa chini kikoa ni example.com, kisawazisha mzigo ni 203.0.113.10 na seva ya zamani ni 198.51.100.25. Hizo ni namba zilizotengwa kwa ajili ya mifano, wekeni zenu. Zoni ambayo cPanel huitengeneza yenyewe siku akaunti inapofunguliwa hufanana sana na hii:

```
example.com.       14400  IN  A      198.51.100.25
example.com.       14400  IN  AAAA   2001:db8:a::25
example.com.       14400  IN  MX 0   example.com.
www.example.com.   14400  IN  CNAME  example.com.
mail.example.com.  14400  IN  CNAME  example.com.
ftp.example.com.   14400  IN  CNAME  example.com.
```

Mstari wa AAAA huwepo pale tu mwenyeji anapotoa IPv6. Kwa dalili mlizozieleza, nadhani kwenu upo.

Barua pepe

Tazameni MX. Inasema barua za kikoa hiki zipelekwe kwa mashine iitwayo example.com, yaani jina tupu lisilo na www wala mail mbele yake, ambalo pia ndilo jina la tovuti. Zamani hilo halikumdhuru mtu, maana tovuti na barua vilikaa kwenye seva moja. Mlipoielekeza A ya jina tupu kwenye kisawazisha mzigo, mlihamisha wageni wa tovuti na sanduku la posta kwa pamoja. Sasa seva inayoleta barua inagonga mlango wa 25, ule wa barua, wa 203.0.113.10, na huko kuna milango ya 80 na 443 pekee, ile ya tovuti. Hakuna anayeitikia hodi.

Barua nyingi za tangu juzi bado hazijapotea. Seva inayotuma ikishindwa kuunganishwa huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baada ya muda, na RFC 5321, waraka wa kanuni za barua pepe, inashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Si kila seva inaufuata ushauri huo, ndiyo sababu ya kulifanya hili leo hii.

Fungueni Zone Editor. Futeni kwanza CNAME ya mail (rekodi inayofanya jina moja lifuate jingine), kisha andikeni A mpya ya mail inayoelekea seva ya zamani. Utaratibu huo ni wa lazima: jina lenye CNAME haliruhusiwi kuwa na rekodi nyingine, kwa hiyo A itakataliwa kama CNAME bado ipo. Baada ya hapo badilisheni MX:

```
mail.example.com.   14400  IN  A     198.51.100.25
example.com.        14400  IN  MX 0  mail.example.com.
```

Kuna anayeweza kuwashauri muiache mail kama CNAME na kuielekeza kwenye jina la seva ya mwenyeji. Msifanye hivyo. RFC 2181, waraka wa kanuni za DNS, inakataza MX kuishia kwenye jina ambalo ni CNAME, na ingawa seva nyingi huvumilia, zipo zinazokataa, na kosa la namna hiyo ni gumu kulifuatilia kwa sababu linawagusa watumaji wachache tu.

Kwenye ukurasa wa Email Routing wa cPanel chagueni Local Mail Exchanger wazi wazi badala ya kuiachia mashine iamue. Mkiiachia, cPanel hutazama MX inaishia wapi ndipo iamue kama barua ni zake, na katika hali hii ya kuhamahama inaweza kuamua vibaya.

Ftp nayo ipeni A yake kama bado mnaitumia. Rekodi za webmail na cpanel kwa kawaida huwa ni A zenye namba ya seva moja kwa moja, kwa hiyo hazikuguswa, lakini zitazameni. Wafanyakazi walioandika "example.com" kama seva ya kupokea barua kwenye simu au Outlook watalazimika kuandika mail.example.com, wale ambao tayari wanatumia mail hawatakuwa na la kufanya.

Tazameni pia TXT ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Mara nyingi huanza na `v=spf1 +a +mx +ip4:198.51.100.25`. Ile `+a` sasa inamaanisha kisawazisha mzigo ndicho kinachoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Haivunji kitu kwa kuwa `+mx` na `+ip4` bado zinaitaja seva halisi, lakini haina kazi tena. Iondoeni.

Kwa kuwa TTL ya MX (muda ambao jibu la DNS hukumbukwa) ni 14400, yaani sekunde za saa 4, watumaji wengine wataendelea na jibu la zamani kwa muda huo. Baada ya hapo foleni itaanza kumiminika.

Kwa nini mmoja anaona mpya na mwingine anaona ya zamani

Wengi wangewaambia "subirini DNS ienee". Kwenu jibu hilo halisimami. TTL ni saa 4 na mabadiliko mliyafanya juzi, kwa hiyo karibu rizolva zote (seva zinazotafuta majibu ya DNS kwa niaba ya watumiaji) zinazoheshimu TTL zimeshatupa jibu la zamani. Kama watu bado wanafika kwenye seva ya zamani baada ya siku mbili, basi zoni yenyewe bado inawatuma huko.

Njia ziko mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni AAAA. Simu au kompyuta iliyo kwenye mtandao wenye IPv6 huuliza A na AAAA kwa pamoja, na ikipata zote mbili hupendelea IPv6. Aliye kwenye mtandao wenye IPv4 tu hana hiari, anakwenda kwenye A. Ndiyo maana mtu wa mapokezi kwenye waya wa ofisi anaona tovuti mpya, na dereva mwenye data ya simu anaona bei za mwaka jana.

Njia ya pili ni kubonyeza "Add Record" badala ya "Edit". Zoni inabaki na A mbili, ya zamani na mpya, na DNS haina wasiwasi kabisa na hilo: inatoa zote mbili kwa zamu. Matokeo yake ni kama kurusha sarafu.

Ulizeni rizolva za nje, msiiamini kompyuta ya ofisi:

```
dig +short A     example.com @8.8.8.8
dig +short AAAA  example.com @8.8.8.8
dig +short AAAA  example.com @1.1.1.1
dig +short CAA   example.com @8.8.8.8
```

Kwenye Windows isiyo na dig, `nslookup -type=AAAA example.com 8.8.8.8` inatosha. Mstari wa kwanza unapaswa kurudisha namba moja tu, 203.0.113.10. Wa pili na wa tatu irudishe IPv6 ya kisawazisha mzigo au isirudishe kitu. Jibu lolote lingine ndilo kosa lenyewe.

Futeni AAAA ya zamani sasa hivi. Tovuti bila IPv6 inafanya kazi. Tovuti yenye IPv6 inayoelekea pasipo sahihi ndiyo yenye shida. Mkitaka IPv6 baadaye, Google hutoa anwani yake kando, na kila anwani inahitaji kanuni yake ya kupokea maombi kwa kila mlango:

```
gcloud compute addresses create anwani-v6 --ip-version=IPV6 --global

gcloud compute forwarding-rules create mbele-v6-443 \
  --load-balancing-scheme=EXTERNAL_MANAGED \
  --address=anwani-v6 --global \
  --target-https-proxy=proksi-https --ports=443
```

Rudieni kwa mlango wa 80 mkitumia proksi ya HTTP (proksi ni sehemu ya kisawazisha inayoshughulikia maombi). Kama kisawazisha chenu ni cha aina ile ya awali, wekeni EXTERNAL pasipo na MANAGED. Andikeni AAAA kwenye zoni baada ya kanuni zote mbili kujibu, kamwe si kabla.

Mkiwa hapo hapo, hakikisheni ile IPv4 mliyoiandika kwenye A ni ya kudumu. `gcloud compute addresses list --global` inapaswa kuionyesha. Isipokuwepo, ina maana kanuni ilijipatia namba ya muda wakati wa kuundwa, na siku mtakayoifuta kanuni hiyo ili kurekebisha jambo dogo, namba itaondoka nayo, na zoni yenu itabaki ikielekeza kwa mtu msiyemjua.

Cheti

FAILED_NOT_VISIBLE maana yake ni kwamba anayethibitisha umiliki wa kikoa alipolifuata jina hakufika kwenye kisawazisha chenu, au hakufika kila mara. Google inataka A zote na AAAA zote za jina lililo kwenye cheti ziishie kwenye anwani za kisawazisha mzigo hicho. AAAA moja ya zamani inatosha kukwamisha cheti wakati kila mtu ofisini anaona tovuti inafunguka. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mkishafuta AAAA, hili nalo litajitatua.

Sababu nyingine, kwa kadiri zinavyotokea mara kwa mara: jina la www limo kwenye cheti lakini halimo kwenye zoni, kikoa kiko Cloudflare na alama ya wingu ni ya rangi ya chungwa, hivyo ulimwengu unaona anwani za Cloudflare badala ya zenu, cheti hakijaunganishwa na proksi ya HTTPS au hakuna kanuni ya mlango wa 443, na DNSSEC (sahihi za kidijitali za DNS) iliyovunjika, ambapo seva za majina zilibadilishwa lakini rekodi ya DS, inayozithibitisha sahihi hizo, ilibaki kwa msajili, kwa hiyo rizolva zinazokagua sahihi zinajibu SERVFAIL na zisizokagua zinajibu vizuri tu.

Hali ya kila jina inaonekana hivi:

```
gcloud compute ssl-certificates describe cheti-tovuti --global \
  --format="get(managed.status, managed.domainStatus)"
```

Baada ya rekodi kuonekana sawasawa duniani, kipeni cheti hadi dakika 60. Wakati huo atakayefungua kwa https ataona ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH, kosa linalotisha kuliko uzito wake: lina maana kisawazisha hakina cheti cha kuonyesha. Msikifute na kukiunda upya kila baada ya dakika kumi. Mnaanza foleni mwanzo kila mara, na mkizidisha mtakutana na FAILED_RATE_LIMITED.

Rekodi ya CAA ndiyo inayoamua ni nani anaruhusiwa kutoa cheti kwa kikoa chenu. Kama amri ya dig haikurudisha kitu, hakuna kizuizi, na ningewashauri muiache hivyo hadi mambo yatulie. Kama ipo na haimtaji pki.goog, ambalo ni jina la mtoaji vyeti wa Google, hali itageuka FAILED_CAA_FORBIDDEN. Iongezeni:

```
example.com.  3600  IN  CAA  0 issue "pki.goog"
example.com.  3600  IN  CAA  0 issue "letsencrypt.org"
```

Mstari wa pili ni kwa ajili ya barua pepe. CAA hurithiwa: mtoaji cheti akikosa rekodi kwenye mail.example.com hupanda hadi example.com. Mkiandika pki.goog peke yake mtaifungia njia seva ya barua, ambayo cheti chake kwa kawaida hutolewa na mtoaji mwingine kupitia AutoSSL, zana ya cPanel ya kuomba vyeti yenyewe. Mwulizeni mwenyeji ni nani anayemtumia kabla ya kunakili mstari huo. Na msishtuke AutoSSL ikianza kulalamika kwamba haiwezi kuthibitisha example.com na www. Tovuti zake hazipo kwake tena. Ziondoeni kwenye orodha yake, ibaki mail.

Cheti kabla ya kuhama

Njia mliyoitumia ina pengo ndani yake: cheti hakitolewi mpaka jina lielekee kwenye kisawazisha, na jina likishaelekea huko wageni wa https wanakutana na mlango usio na cheti. Kwa tovuti ya kampuni ndogo usiku wa manane, pengo la hadi saa moja linavumilika. Lakini mkiwa na majina mengine ya kuhamisha, tumieni Certificate Manager, huduma ya vyeti ya Google, na uthibitisho wa DNS, ambao hautazami A kabisa:

```
gcloud certificate-manager dns-authorizations create idhini-kuu \
  --domain=example.com

gcloud certificate-manager dns-authorizations describe idhini-kuu
```

Amri ya pili itawapa CNAME ya kuandika: jina ni _acme-challenge.example.com na thamani inaishia na authorize.certificatemanager.goog. Iandikeni, kisha:

```
gcloud certificate-manager certificates create cheti-nyota \
  --domains="example.com,*.example.com" \
  --dns-authorizations=idhini-kuu

gcloud certificate-manager maps create ramani-vyeti

gcloud certificate-manager maps entries create ingizo-tupu \
  --map=ramani-vyeti --certificates=cheti-nyota \
  --hostname=example.com

gcloud certificate-manager maps entries create ingizo-www \
  --map=ramani-vyeti --certificates=cheti-nyota \
  --hostname=www.example.com

gcloud compute target-https-proxies update proksi-https \
  --certificate-map=ramani-vyeti
```

Idhini moja inatosha kwa jina tupu na kwa nyota yake. Nyota inafunika ngazi moja tu: picha.example.com imo, a.picha.example.com haimo, na jina tupu lenyewe halimo mpaka litajwe.

CNAME hiyo ina mitego mitatu. Wahariri wengi wa zoni hujiongezea jina la kikoa, kwa hiyo ukiandika _acme-challenge.example.com bila nukta mwishoni unaweza kupata _acme-challenge.example.com.example.com, angalieni jinsi ilivyohifadhiwa, si jinsi mlivyoiandika. Pili, kama kuna TXT ya jina hilo hilo iliyoachwa na AutoSSL, ifuteni kwanza, kwa ile ile sheria ya CNAME kukaa peke yake. Tatu, msianze kuiuliza kwa dig kabla hamjaiandika. Rizolva hukumbuka hata jibu la "haipo", kwa muda unaotokana na SOA (rekodi ya mipangilio mikuu ya zoni), na kwenye zoni za cPanel muda huo mara nyingi ni 86400, yaani siku nzima. Mtaiandika vizuri kisha mtakaa mkijiuliza kwa nini 8.8.8.8 inakana.

Msiifute baada ya cheti kutoka. Cheti kinaposasishwa, rekodi hiyo hiyo hukaguliwa tena.

www, na ile CNAME ya c.storage.googleapis.com

www iacheni kama CNAME ya example.com, itafuata A na AAAA popote zitakapokwenda, na mtabaki na sehemu moja ya kurekebisha. Jina tupu lenyewe haliwezi kuwa CNAME, maana lazima libebe SOA na NS (rekodi ya seva za majina), na kwenu hata MX.

Maelekezo mengi ya zamani yanasema www iwe CNAME ya c.storage.googleapis.com. Hiyo ni njia nyingine kabisa, ya baketi isiyo na kisawazisha mbele: baketi lazima iitwe jina la kikoa lenyewe, na HTTPS kwa jina lenu haipo. Mkichanganya njia hizo mbili, jina tupu kwenye kisawazisha na www kwenye baketi moja kwa moja, mtakuwa na tovuti mbili zenye tabia tofauti na cheti kitakachokwama kwa sababu ya www. Mbele ya kisawazisha mzigo jina la baketi halina maana yoyote, iiteni mpendavyo.

DNS pia haijui kuhamisha mtu kutoka http kwenda https, wala kutoka www kwenda jina tupu. Hiyo ni kazi ya ramani ya URL kwenye kisawazisha: proksi ya mlango wa 80 ipewe ramani yake ndogo inayoelekeza kila kitu kwenye https.

Kwa wenye AWS mambo yanageuka: kisawazisha chao cha HTTP hutoa jina badala ya namba, na anwani zilizo nyuma ya jina hilo hubadilika. Kuchukua namba iliyopatikana leo kwa dig na kuiandika kwenye A ni kujitengenezea kukatika kwa tovuti wiki ijayo. Huko hutumika CNAME, au rekodi ya alias ya Route 53, huduma ya DNS ya AWS, kwa jina tupu. Google hutangaza namba ile ile kutoka vituo vyake vingi duniani, kwa hiyo A moja inamhudumia mtalii wa Berlin na wakala wa Moshi bila hila zozote za DNS.

Kupima

Mnaweza kupima kisawazisha bila kungoja DNS wala kache ya mtu:

```
curl -sI --resolve example.com:443:203.0.113.10 https://example.com/
```

Mkiona `via: 1.1 google` pamoja na vichwa vinavyoanza na `x-goog-`, ombi limepita kwenye kisawazisha na kufika kwenye baketi. Kisha rudieni bila `--resolve`, mara moja kwa `-4` na mara moja kwa `-6`. Ya pili ikishindwa kuunganishwa na hamna AAAA, ni sawa. Ikirudisha tovuti ya zamani, AAAA bado ipo mahali.

Namba za makosa ya curl zinasema mengi. 6 ni jina halipatikani, tafuteni kwenye zoni. 28 ni kimya, mara nyingi namba si sahihi au mlango haupo. 35 ni cheti hakijawa tayari. 60 ni cheti kipo lakini hakilitambui jina hilo. Na mkipata XML yenye AccessDenied au NoSuchKey, acheni kabisa kuhangaika na DNS: mmeshafika kwenye baketi. AccessDenied ni ruhusa:

```
gcloud storage buckets add-iam-policy-binding gs://baketi-yenu \
  --member=allUsers --role=roles/storage.legacyObjectReader
```

Jukumu hilo huruhusu kusoma faili bila kuorodhesha yote yaliyomo, tofauti na objectViewer ambayo hutoa hata orodha. AccessDenied au orodha ya faili kwenye ukurasa wa kwanza tu kwa kawaida ni baketi isiyojua kwamba index.html ndiyo ukurasa mkuu:

```
gcloud storage buckets update gs://baketi-yenu \
  --web-main-page-suffix=index.html --web-error-page=404.html
```

NoSuchKey kwenye picha tu mara nyingi ni njia. Mkiwa na kanuni ya /picha/* inayokwenda kwenye baketi ya pili, kisawazisha hakikati neno "picha". Ombi la /picha/simba.jpg hutafuta kitu kiitwacho picha/simba.jpg ndani ya baketi hiyo. Herufi kubwa na ndogo nazo ni vitu tofauti: Simba.JPG si simba.jpg.

Zoni yenu ikimaliza kurekebishwa itakuwa hivi:

```
example.com.       300    IN  A      203.0.113.10
www.example.com.   300    IN  CNAME  example.com.
mail.example.com.  14400  IN  A      198.51.100.25
ftp.example.com.   14400  IN  A      198.51.100.25
example.com.       14400  IN  MX 0   mail.example.com.
```

A na www zikae kwenye 300 kwa wiki moja, ili kosa likijitokeza mrekebishe kwa dakika 5. Kisha zipandisheni hadi 3600. Safari ijayo shusheni TTL siku moja kabla ya kuhama. Kuishusha dakika ile ile mnayobadilisha namba hakumsaidii aliyekwisha kukariri jibu la saa 4.

Msifunge akaunti ya mwenyeji wa zamani, kwa kuwa barua na zoni yenyewe bado viko kwake. Na siku mtakapoamua kuachana na kisawazisha hiki, ondoeni kwanza A kwenye zoni, subirini TTL ipite, ndipo muiachilie anwani kwa Google. Mkianza na anwani, inaweza kupewa mteja mwingine huku jina lenu bado linaielekea, naye ataweza kupata hata cheti halali cha example.com.